Dada wa Mfalme Kwenye Jukwaa la Mitindo

Mwaka 1905 wamisionari wa Kianglikana walifungua shule ya wasichana Gayaza, kaskazini mwa Kampala. Wanawake wa Buganda siku hizo walivaa gome la mti lililopondwa mpaka likawa laini kama kitambaa, wakilizungusha mwilini na kulifunga. Lilikuwa vazi la heshima, ila lililegea mtu alipopiga magoti au alipoinama kulima, na walimu hawakulipenda. Kama inavyosimuliwa Uganda hadi leo, akaitwa fundi cherehani, Mgoa aliyejulikana kwa jina la Gomes, ashone sare. Akatoa kanzu ndefu yenye shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto na mshipi mpana kiunoni. Mwaka 1914 Irene Drusilla Namaganda, mke wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Daudi Chwa, alilivaa vazi hilo kwenye sherehe za kutawazwa kwa mumewe. Tangu siku hiyo sare ya shule ikawa vazi la taifa zima la Buganda, na baadaye la nusu ya Uganda. Watu wakaliita gomesi.

Naanzia kwenye gomesi kwa kuwa msichana ninayetaka kumsimulia alisoma Gayaza, na kwa kuwa maisha yake yote yalipita pale ambapo nguo na utawala hukutana. Wengi wanamtaja kama mrembo aliyewahi kuwa waziri. Wengine humtaja kama waziri aliyewahi kuwa mrembo. Nadhani wote wanaigawa vipande viwili kazi ambayo kwake ilikuwa moja.

Elizabeth Bagaaya alizaliwa mwaka 1936 katika ufalme wa Toro, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Baba yake alikuwa Omukama, yaani mfalme, George Rukidi wa Tatu, na mama yake Kezia Byanjeru. Kama kila mtoto wa Kitoro, alipewa empaako, yaani jina la upendo na heshima ambalo watu huitana wanaposalimiana. Lake ni Akiiki. Majina hayo ni kumi na mawili tu kwa watu wote wa Toro, na moja kati yake, Okaali, limetengwa kwa mfalme peke yake.

Toro ni ufalme mchanga ukiulinganisha na jirani zake. Yapata mwaka 1830 Kaboyo, mwana wa mfalme wa Bunyoro, alijitenga na baba yake akasimamisha kiti chake mwenyewe. Miaka ya baadaye Kabalega wa Bunyoro aliirudisha nchi ile mikononi mwake, na mwaka 1891 Kapteni Lugard, akiwa na bunduki za kampuni ya Kiingereza, akamketisha Kasagama kwenye kiti cha Toro. Kasagama alikuwa babu yake Elizabeth. Kwa hiyo katika nyumba ile, habari ya kiti kupotea na kurudi ilikuwa habari ya babu, iliyosimuliwa na watu walioishuhudia.

Kuna desturi moja ya Toro ambayo bila kuijua mtu hawezi kuyaelewa maisha ya Elizabeth. Mfalme anapotawazwa, anayetawazwa pamoja naye ni dada yake, si mke. Dada huyo huitwa Batebe. Ana watu wake na heshima yake, na katika mambo ya ukoo wa kifalme neno lake lina uzito ambao waziri hawezi kuupuuza. Msomaji Mswahili ataona kivuli cha shangazi hapo: yule dada wa baba anayekuja harusini akaketi mbele, anayeulizwa kabla posa haijajibiwa. Toro walimpa shangazi cheo, na wakampa cheo hicho tangu angali dada.

Baada ya Gayaza, baba yake alimpeleka Uingereza, katika shule ya wasichana ya Sherborne, mkoani Dorset. Alikuwa msichana mweusi pekee pale. Baadaye aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyewekwa kizimbani, kwamba akishindwa yeye, lawama ingewaangukia watu weusi wote. Hakushindwa. Akaingia chuo cha Girton, Cambridge, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa wa Kiafrika kupokelewa katika chuo kikuu hicho, akahitimu mwaka 1962. Mwaka huohuo, tarehe 9 Oktoba, Uganda ikapata uhuru. Mwaka 1965 akaapishwa kuwa wakili wa mahakama za Uingereza, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kufika hapo.

Mwisho wa mwaka huo baba yake akafariki dunia. Patrick, mdogo wake Elizabeth, kijana wa miaka ishirini hivi, akaitwa kurithi kiti. Elizabeth akarudi nyumbani kuwa Batebe wake.

Siku zenyewe zilikuwa mbaya. Mwishoni mwa Februari 1966 Waziri Mkuu Milton Obote alisimamisha katiba. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Machi, Toro ikamtawaza Patrick kuwa Omukama Olimi wa Tatu, na dada yake akiwa kando yake. Ngoma zililia katika nchi ambayo sheria iliyozilinda ngoma hizo ilikuwa imekwishawekwa kando. Mei 24 majeshi ya serikali yaliivamia ikulu ya Kabaka pale Mengo, na Mutesa wa Pili akakimbilia London, alikofia mwaka 1969. Septemba 1967 katiba mpya ya jamhuri ikafuta falme zote za Uganda. Olimi akabaki raia. Batebe akabaki mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye shahada ya Cambridge na leseni ya uwakili, katika mji ambako watu wa serikali walimwangalia kila alikokwenda.

Mlango ulifunguka mahali ambapo hakupatarajia. Mwaka huohuo wa 1967, Princess Margaret, dada wa Malkia wa Uingereza, alimwalika aje London kuonyesha mavazi katika onyesho la mitindo la Jumuiya ya Madola. Dada wa mtawala mmoja alimwandikia dada wa mtawala mwingine, na kwa barua hiyo Elizabeth akapata njia ya kutoka nchini bila kutoroka.

Alipopanda jukwaani London, watu wa mitindo walishangaa. Alikuwa mrefu, shingo ndefu, anatembea taratibu bila kutafuta macho ya mtu. Mwanamitindo wa kawaida hufundishwa kutembea. Yeye alikuwa amelelewa kutembea mbele za watu tangu utotoni, akijua kwamba kila anayemtazama anaitazama Toro. Sidhani kama alibadili chochote. Alichofanya ni kuvaa kitambaa kingine juu ya mwendo uleule. Majarida yakamtafuta, Vogue likiwemo, na Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa Rais wa Marekani aliyeuawa, akamshawishi ahamie New York. Mwaka 1969 picha yake ikawekwa kwenye jalada la Harper's Bazaar.

Inafaa tutulie kidogo hapa, maana leo sura nyeusi kwenye jalada haimshangazi mtu. Machi 1966 Donyale Luna, Mmarekani, alitokea kwenye jalada la Vogue la Uingereza, akiwa ameficha sehemu ya uso kwa vidole. Novemba 1968 Naomi Sims alitokea kwenye jalada la jarida la akina mama la Ladies' Home Journal. Jalada la Vogue la Marekani lilingoja mpaka Agosti 1974, alipopewa Beverly Johnson. Katikati ya safu hiyo fupi kuna Waganda wawili. Mmoja ni Elizabeth. Wa pili ni Katiti Kironde, binti wa Apollo Kironde, mwanasheria na mwanasiasa aliyekuwa balozi wa Uganda Umoja wa Mataifa. Katiti alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani alipotokea peke yake kwenye jalada la Glamour, Agosti 1968, katika toleo la wasichana wa vyuo wanaovaa vizuri kuliko wenzao. Baadaye aliingia katika ubunifu wa mavazi.

Wasichana wawili, nyumba mbili za siasa, nchi moja ndogo isiyo na pwani. Sioni kama ni bahati tu. Wahariri wa New York, waliokuwa wanasukumwa na harakati za haki za Wamarekani weusi, walitafuta uso mweusi ambao wasomaji wao weupe wasingeuogopa. Binti wa mfalme na binti wa balozi walikuja na vyeo vyao na Kiingereza cha shule za bweni. Msichana mweusi wa Harlem mwenye uzuri uleule alisubiri zaidi. Hilo halipunguzi walichofanya Elizabeth na Katiti, lakini ni sehemu ya ukweli, na Elizabeth mwenyewe alikuwa mwanasheria. Alijua maana ya kuitwa shahidi kwa sababu ya jina lako.

Kilichonivutia zaidi ni kutazama kalenda ya upande wa pili wa bahari. Oktoba 1968, miezi miwili baada ya jalada la Katiti, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam. Kuanzia Januari 1, 1969, nguo fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana vilipigwa marufuku. Magazeti ya Dar yalijaa barua za wasomaji: wengine waliuliza iweje sketi fupi iwe ukoloni na suti ya mwanamume iwe maendeleo. Wazee wetu walioishi Kariakoo wakati ule bado wanakumbuka wasichana wakisumbuliwa vituoni kwa sababu ya urefu wa sketi. Yaani mwaka uleule ambao mwanamke wa Afrika Mashariki alikuwa anaonyeshwa New York kama sura mpya ya bara, wanawake wenzake walikuwa wanapimwa magoti barabarani na vijana wa chama. Pande zote mbili mwili wa mwanamke ulibeba bendera ambayo hakuichora yeye.

New York ilimpa Elizabeth pia filamu. Aliigiza kama mhusika mkuu wa kike katika *Bullfrog in the Sun*, iliyotengenezwa kutoka riwaya mbili za Chinua Achebe na kutoka mwaka 1971. Angeweza kuendelea na njia hiyo. Lakini Januari 25, 1971, Idi Amin akampindua Obote.

Kwa watu wa falme, mapinduzi yale yalikuja kama mvua baada ya kiangazi. Obote aliyewafutia viti vyao alikuwa ameondoka, na Amin, katika miezi ya mwanzo, akaruhusu mwili wa Mutesa urudishwe kutoka London na kuzikwa kwa heshima zote Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka. Machozi yaliyomwagika siku ile Kampala yalikuwa ya kweli. Elizabeth akaacha mitindo, akarudi. Julai 1971 Amin alimteua balozi wa kuzunguka dunia akiisemea Uganda.

Nitasema wazi ninavyoona: kurudi kwake naelewa, kubaki kwake ni vigumu kutetea. Septemba 1972 askari walimtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ndani ya jengo la mahakama mchana, na hakuonekana tena. Mwezi uliofuata alichukuliwa Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa mwanasheria, hakuna dalili iliyo wazi kuliko jaji kuburutwa kutoka mahakamani. Mwaka huohuo wa 1972 Waasia walifukuzwa, wakapewa siku tisini za kuondoka, na mafundi cherehani wa Kampala, warithi wa yule Gomes aliyewashonea wasichana wa Gayaza, wakafunga vibanda vyao wakaondoka na masanduku. Elizabeth aliendelea kuisemea serikali hiyo nje.

Na serikali hiyo hiyo ilikuwa na vita vyake na nguo. Mwaka 1972 Amin alipiga marufuku nguo fupi za wanawake kwa amri ya rais. Baadaye yakafuata mawigi na suruali. Msichana wa Kampala aliweza kukamatwa kwa sketi, huku mwanamke aliyewahi kuvalishwa na wabunifu wakubwa wa London na New York akitumwa nje kuonyesha kwamba Uganda ni nchi ya kistaarabu. Amin alijua uzuri wa Elizabeth unamfaa nini. Alimvaa kama nishani.

Februari 1974 akampandisha kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Nafasi ile ilikuwa na harufu ya kifo. Wanume Kibedi, aliyeishika kabla, alikuwa amekimbilia uhamishoni. Michael Ondoga, aliyemfuata Kibedi, aliondolewa ili kumpisha Elizabeth, na mwezi mmoja baadaye maiti yake iliokotwa katika mto Nile. Mwezi mmoja tu ofisini, Elizabeth alikuwa amekwishajua wawili waliomtangulia walitokaje. Vuli ya mwaka huo alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York, mji uleule ambao miaka mitano nyuma ulimfahamu kwa picha za majarida. Wakati ule wanawake waliowahi kusimama pale kama mawaziri wa mambo ya nje wa nchi za Kiafrika walikuwa wachache mno.

Novemba 1974 Amin alimfukuza kazi. Hakutoa sababu ya kisera. Alitangaza hadharani kwamba waziri wake amefanya uchafu na mwanamume Mzungu katika choo cha uwanja wa ndege wa Orly, Paris. Ulikuwa uongo, uliochaguliwa kwa makini. Ondoga aliuawa kimya kimya. Kwa Elizabeth, Amin alitaka kuliua jina lake kwanza, na jina la mwanamitindo aliona ni rahisi kuliua, maana jamii ilikuwa imekwishafundishwa, Dar na Kampala pia, kumshuku mwanamke kwa mavazi yake. Picha za aibu zilizodaiwa kuwa zake zikasambazwa. Elizabeth akafungiwa nyumbani chini ya ulinzi.

Februari 1975 akatoroka. Alivuka mpaka kuingia Kenya, na kutoka huko akapata hifadhi London. Alipofika hakujificha. Alirudi kwenye taaluma ambayo wengi walikuwa wamesahau anayo, akayapeleka mahakamani magazeti yaliyorudia uongo wa Orly, na akashinda. Ndiyo sababu inanisikitisha kuona hadi leo waandishi wetu wakiianza habari yake kwa choo cha uwanja wa ndege, kana kwamba hukumu haikutolewa. Mwenye kuandika habari zake aanze na Girton, au na Fort Portal, mji mkuu wa Toro. Kisa cha Amin kimekwishaamuliwa mahakamani.

Miaka iliyofuata naipita haraka, ingawa ina mengi. Amin alipoangushwa mwaka 1979 alirejea nyumbani, akaondoka tena baada ya uchaguzi wa 1980 uliomrudisha Obote. Mwaka 1981 aliolewa na Wilbur Nyabongo, rubani na mtu wa ukoo wa kifalme wa Toro. Mwaka 1984 alionekana katika filamu ya *Sheena*, iliyopigwa Kenya, akiigiza mganga mkuu wa kabila la kubuni. Yeye na mumewe waliunga mkono vita vya msituni vya Yoweri Museveni, na Museveni alipoingia Kampala mwaka 1986, Elizabeth akateuliwa balozi wa Uganda nchini Marekani. Mwaka huohuo Wilbur alifariki katika ajali ya ndege mjini Casablanca. Ubalozi wa Washington aliushika hadi 1988, na baadaye aliiwakilisha Uganda Ujerumani, Vatikani na Nigeria.

Mwaka 1993 falme zikarudishwa kisheria, bila mamlaka ya kisiasa. Olimi akarudi kwenye kiti alichokikalia kwa mwaka mmoja na nusu tu katika ujana wake. Ikulu ya Karuzika, juu ya kilima cha Fort Portal, ilikuwa imeporwa na kubaki gofu. Ndugu hawa wawili waliotawazwa pamoja Machi 1966 walisimama tena mbele ya watu wao wakiwa watu wazima, baada ya miaka ishirini na sita ya kuwa raia.

Agosti 1995 Olimi akafariki. Mwanawe, Oyo, alikuwa na umri wa miaka mitatu. Usiku wa Septemba 12 mtoto huyo alipitishwa katika desturi zote za kutawazwa, akaitwa Rukidi wa Nne, jina la babu yake, na akawa miongoni mwa wafalme wadogo kuliko wote duniani. Elizabeth akawekwa kuwa mmoja wa walezi wa kuutunza ufalme mpaka mfalme akue. Cheo cha Batebe, kama desturi inavyotaka, kilihamia kwa dada wa mfalme mpya, naye bado alikuwa mtoto. Elizabeth Akiiki alikuwa sasa shangazi.